Aliyengoja Kuzaa Bandarini

Sitaapa. Hapa Kisangani mtu akitaka kuaminiwa anaapa kwa kaburi la baba yake, anaapa kwa macho yake mawili, na nimeshawasikia wengi walioapa hivyo huku wakisema uongo mtupu. Mimi nitakueleza tu lililotokea. Lilitokea mchana, si usiku, mvua ikinyesha, ndani ya gari ambalo hata sasa ninapozungumza limesimama uani kwetu Kabondo. Mume wangu alikuwepo. Mama yangu mzazi alikuwepo. Ukitaka, njoo uwaulize. Mume wangu atakataa kusema. Mama yangu atakusimulia yote, na chai atakupa.

Nianze na gari lenyewe, maana bila hilo gari tusingefika kule.

Wazungu wawili, mtu na mke wake, walikuwa wanaizunguka Afrika na gari kubwa lenye kitanda ndani, jiko, meza ndogo, hata choo. Likawafia barabarani karibu na Bengamisa. Wao wakapanda ndege Bangboka, wakaenda zao, na mzoga wa gari ukabaki. Mume wangu, ambaye mtaani wanamwita Papa Riziki, ni fundi wa kunyoosha na kuchomelea mabodi ya magari. Alilikuta kwa mtu mmoja ambaye alikuwa analaza kuku ndani yake. Akalivuta mpaka garaji. Akalitafutia injini nyingine, akalichomelea pale lilipotoboka, akashona mapazia mwenyewe kwa mashine yangu. Watu walimcheka sana. Yeye alikuwa na wazo lake: maharusi, na watu wa ofisi waliochoka na joto la mjini, wangelikodi gari-nyumba Jumamosi na Jumapili, wakashuka nalo kwenye bandari ndogo za kando ya mto, wakalala pale wakisikiliza maji. "Mjini hapa batu banalipa hoteli ili waangalie ukuta," alikuwa anasema. "Mimi nitabapeleka mbele ya mto."

Lakini kwanza ilibidi alijaribu yeye. Ndiyo maana tukaamua twende wenyewe, mwisho wa wiki mmoja, tukazione zile bandari za barabara ya Yanonge, tujue wapi pana uwanja mzuri wa kuegesha na wapi tope litatumeza. Tulikuwa wanne. Mimi, mume wangu, mama yangu, na Riziki, ambaye alikuwa mdogo, bado hajaanza shule.

Hapa lazima nisimame kidogo nikueleze kuhusu Riziki, ili baadaye usije ukasema nilimfananisha mtu.

Riziki sikumzaa mimi. Mimi sikujaliwa. Alimzaa mdogo wangu Zaina, aliyenifuata ziwa. Mume wa Zaina alikwenda Bafwasende kutafuta dhahabu, akamwacha na mimba, akasema atarudi kabla ya siku zake. Hakurudi. Zaina alijifungua hospitali, damu haikukata, akafa kabla jua halijazama. Nesi alinipa mtoto mkono huu, na mkono huu akanipa kitenge cha marehemu. Mama alikuwa amezimia nje. Mimi na shangazi yangu ndio tuliomwosha Zaina nyumbani, na shangazi naye sasa ni marehemu. Mdomo wake haukutaka kufunga. Nilichana kitambaa changu cha kichwa, cha kijani, nikamfunga kidevu, nikakaza. Kwa vidole hivi. Tukamzika siku iliyofuata.

Umesikia? Nilimwosha mimi. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba amekufa, nilimwosha mimi mwenyewe.

Basi. Jumamosi asubuhi tulipanda bac, kile kivuko cha kwenda Lubunga, ng'ambo ya pili. Ilikuwa kama tumeleta sarakasi. Waendesha baiskeli za toleka waliacha abiria wao ili waje kuchungulia. Mama mmoja mwenye beseni la mikate aliomba aonyeshwe choo, akaangalia, akatikisa kichwa akasema, "Donc munakunya na munapika ndani ya gari moja?" Mama yangu alicheka. Nakwambia alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Tangu Zaina afe, mama alikuwa hatoki nyumbani. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake mlangoni, tasbihi mkononi, macho yametazama barabara kama anayengoja mgeni. Nilipomwona anacheka katikati ya mto, na upepo unampeperusha mtandio, nilisema moyoni kwamba hata gari hili lisipoleta mteja hata mmoja, kazi yake limeshaifanya.

Bandari ya kwanza tuliyosimama ilikuwa nzuri. Nyasi fupi, mteremko mdogo, mitumbwi imepangwa. Tulipika lituma pale, ndizi na maharage nimevitwanga mwenyewe, tukala miguu imening'inia mlangoni. Mume wangu akapiga picha kila upande. Mama akalala kidogo. Baadaye mawingu yakaanza kujikusanya upande wa chini wa mto, tukaona heri tusogee mpaka bandari inayofuata kabla barabara haijaharibika.

Jina la bandari hiyo ya pili silitaji. Watu wanaishi pale, wanauza, wanaoa. Sitaki wapewe sifa mbaya kwa jambo ambalo si kosa lao.

Ni mahali padogo. Vibanda vichache vya majani, gogo kubwa la kufungia baleinière, zile boti ndefu za mbao zinazopakia mahindi na mkaa, na kina mama wameketi na mabeseni ya samaki wa kukaushwa. Mume wangu alisimamisha gari juu kidogo, akashuka kwenda kuuliza kama tunaweza kulala pale. Nilimwona anateremka. Nilimwona anasimama. Halafu nilimwona anageuka na kurudi haraka, bila kuzungumza na mtu yeyote.

Alipoingia, uso wake ulikuwa umepoteza rangi.

"Tuende," alisema.

"Wamekukatalia?"

"Hapana. Mvua inakuja. Tuende tu."

"Mama amelala na mutoto," nilimwambia. "Na hatuna samaki ya jioni. Nishuke dakika mbili."

Alinishika mkono. Mume wangu si mtu wa kunishika mkono hivyo. Lakini hakusema sababu, na mimi, bon, mimi nilifikiri anaogopa tope. Nikajitoa, nikachukua kikapu.

Kwenye mabeseni kulikuwa na wanawake watano au sita. Wa mwisho, karibu kabisa na maji, alikuwa amenipa mgongo, anapanga samaki. Alipogeuka niliona kwanza tumbo. Mimba kubwa, ile ya siku za mwisho, kitenge kimefungwa juu yake. Halafu nikaona uso.

Nifanyeje nikueleze? Mtu anayefanana na ndugu yako unamwona, moyo unaruka, halafu unaangalia vizuri na unakuta pua ni nyingine, meno ni mengine, unacheka. Mimi niliangalia vizuri. Pua ilikuwa ile. Meno yalikuwa yale, na pengo la upande la jino alilong'oa tulipokuwa wasichana. Kovu la pasi kwenye mkono lilikuwa pale pale lilipokuwa siku ile nilipoupitishia maji.

"Mama, unataka gani?" aliniuliza. Kwa adabu, kama unavyomwita mteja usiyemjua. "Iko mboto, iko na wadogo-wadogo. Chagua."

Sauti yake. Nikashusha macho, yakaishia tumboni mwake. Mwanamke aliyeketi jirani yake, mama mnene mwenye kicheko, akadhani nashangaa lile tumbo.

"Shangaa tu, mama," akaniambia. "Hata sisi tunashangaa. Zaina huyu, tangu tumemujua, mimba yake ni hii hii. Tunamwambia, mutoto yako iko anasoma chuo kikuu mule ndani?"

Wenzake wakacheka. Na yeye akacheka, akijishika kiuno. "Muniache. Nitazaa wiki hii."

Walikuwa wanamwona, unaelewa? Watu wakisikia kisa hiki husema labda nilikuwa peke yangu niliyemwona, labda jua, labda huzuni. Walikuwa wanamwona wote. Walikuwa wanataniana naye. Alikuwa na beseni lake na mahali pake.

Nilimuuliza, "Kwenu ni wapi?"

"Kisangani. Niko namungojea bwana yangu. Iko Bafwasende, alisema atakuja na boti."

"Bafwasende boti haitokei," nilisema.

"Njo vile batu bote banasema," alijibu, na uso wake ukaingia wasiwasi kidogo, kama mtoto aliyeulizwa hesabu. "Lakini alisema atakuja."

"Unamngoja tangu lini?"

"Tangu juzi."

Alipokuwa anasema hayo alikuwa anajisugua chini ya kidevu, kwa vidole viwili, mara kwa mara, bila kujua. Nikamuuliza ana nini hapo.

"Panaumwa. Sijue. Kuna mutu alinifunga kitambaa hapa, akakaza sana."

Ndipo mvua ilipoanguka. Haikuanza na matone, ilianguka yote kwa pamoja kama inavyofanya kule. Kina mama walivuta maturubai juu ya mabeseni wakakimbilia vibandani. Yeye alibaki amesimama, mkono tumboni, hajui aende wapi, na mimi, Mungu anisamehe, sikufikiri kabisa. Nilimshika mkono nikakimbia naye kwenda kwenye gari. Ungemwacha mjamzito kwenye mvua? Ungemwacha mdogo wako? Na nikwambie kilichonichanganya zaidi: mkono wake ulikuwa wa moto. Ungekuwa baridi ningeuachia. Ulikuwa wa moto na una chumvi ya samaki, mkono wa mtu aliye hai, anayefanya kazi.

Mume wangu alikuwa kwenye usukani. Alitutazama kwenye kioo, akageuza uso mbele, na tangu hapo niliona midomo yake tu inacheza. Alikuwa anasoma aya.

Nilimkalisha kwenye ile meza ndogo. Alishangaa kila kitu. Akagusa bomba la maji, akagusa pazia. "Gari iko na kitanda?" akauliza. Nikamwekea lituma iliyobaki. Alikula kwa njaa, kwa mkono, akilamba vidole, vile vile Zaina alivyokuwa anakula na mama akimgombeza. Mvua ilikuwa inapiga bati juu yetu hata huwezi kusikia mawazo yako. Mimi nilikaa mkabala naye. Sikuwa na woga bado. Mwili wangu wote ulikuwa kama ganzi, kama mguu ulioulalia vibaya.

Nyuma ya pazia la kitanda, mama akakohoa.

"Nani anakula?" aliuliza.

Nilikuwa natafuta uongo. Mama yangu na moyo wake ule, na mitungi yote ya dawa aliyokunywa tangu kifo, akitoka na kumwona huyu, ataanguka pale pale na nitakuwa nimezika watu wawili wa nyumba moja. Nilisimama ili nizuie pazia. Nilichelewa.

Mama alivuta pazia mwenyewe. Alisimama, mkono kwenye ukuta wa gari, akamwangalia. Yule naye aliacha kutafuna.

Niamini ninapokwambia kwamba mama yangu hakulia. Hakupiga kelele. Alikuja polepole, akanisogeza kwa kiwiko, akaketi mahali pangu, na akasema, "Umekonda, mutoto yangu."

"Mama," Zaina akasema. Na hilo halikuwa "mama" la mteja. "Mama, ulitoka wapi?"

"Nyumbani. Na wewe unafanya nini hapa?"

"Namungojea Papa ya mutoto. Nitazaa wiki hii. Nitakuletea mutoto."

Mama akanyoosha mkono juu ya meza, akamshika vidole, na mafuta ya maharage yako kwenye vidole vyao wote wawili. Na akamuuliza, kwa sauti ile anayotumia kumwambia mtu habari ya msiba, sauti ya chini, ya kuandaa:

"Zaina, haukuambiwa? Haukuambiwa kama ulikufa?"

Zaina alicheka. Kicheko kifupi. Akamtazama mama, akaona mama hacheki. Halafu akanigeukia mimi, na wakati ule, kwa mara ya kwanza tangu bandarini, akanijua. Niliona anavyonijua. Macho yake yalinifikia kama mtu anayekuja kutoka mbali.

"Dada," alisema, "mama anasema nini?"

Ni mimi ndiye niliyepaswa kujibu. Mama alikuwa amezimia siku ile, hakuona.

"Ni kweli," nilimwambia. "Nilikuosha mimi. Hicho kitambaa nilikufunga mimi."

Mkono wake ukapanda kidevuni ukabaki pale. Nimeona watu wakipokea habari za kifo, nimewapelekea wengine mwenyewe. Uso unafunguka, halafu unakataa, halafu unaanguka. Niliviona vyote vitatu kwenye uso wake, na habari ilikuwa yake. Nani amewahi kuona kitu hicho? Mtu anaambiwa msiba, na maiti ni yeye.

Halafu akajishika tumbo kwa mikono miwili.

"Na hii?"

"Ulizaa," mama akasema. "Ulizaa kwanza, njo ukakufa. Mutoto iko. Iko muzima. Ni binti."

Na hapo hapo Riziki, aliyeamshwa na sauti, akateremka kitandani, akaja akisugua macho. Akapita katikati yao bila woga, akanijia mimi, akanikumbatia mguu.

"Mama," akaniuliza, "huyu ni nani?"

Zaina alimsikia. Alimtazama mtoto, akatazama mguu wangu ulioshikwa, akanitazama mimi. Nilitazama chini ili nisikutane na macho yake, na ndipo nikaona kwamba kitenge chake kimelegea. Kile kitenge kilichokuwa kimekazwa juu ya mimba kilikuwa kimelala bapa juu ya mapaja yake, kama cha mwanamke aliyezaa zamani. Sikuona kinashuka. Niliona kimeshashuka.

"Nipe," alisema.

Nilimnyanyua Riziki, nikambana kifuani.

"Mupe amushike," mama akasema. "Ni mama yake."

"Usimpe." Huyo alikuwa mume wangu. Hakugeuka. Alisema akinitazama kwenye kioo. "Nakuomba, usimpe."

Niambie, wewe ungefanya nini? Nimejiuliza hilo nikiwa jikoni, nikiwa sokoni, nikiwa kwenye swala. Nilikuwa nimemlea yule mtoto tangu akiwa na ukubwa wa mkate. Nilikuwa naogopa kwamba akimshika, ataondoka naye, na mimi nitabaki na mikono mitupu bandarini. Na chini ya woga huo kulikuwa na woga mwingine ambao sikuupenda. Niliogopa kwamba mtoto atampenda.

"Hapana," nilisema.

Hakupigana nami. Ningeelewa kama angepigana. Aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

"Jina yake nani?" aliuliza.

Riziki akajibu mwenyewe. "Riziki."

"Riziki," alirudia. "Anakula vizuri?"

"Anakula," nilisema.

"Anaumwa-umwa?"

"Malaria tu, mara moja moja."

"Bon." Akasimama. Alipofika karibu yetu aliinama, na Riziki, badala ya kujificha shingoni mwangu kama anavyofanya kwa wageni, alijinyoosha mwenyewe juu ya bega langu, akampa sikio. Zaina akamnong'oneza. Pumzi yake ilinigusa shavuni. Ilikuwa na harufu ya maharage niliyompikia. Sikusikia neno hata moja kwa sababu ya mvua.

Akafungua mlango, akatoka.

Alipokanyaga chini alianza kulia. Na alilia kama wanawake wa kwetu wanavyolia wanapoingia kwenye nyumba ya msiba, mikono kichwani, akiita jina la marehemu. "Zaina, eh, Zaina yangu, umeniacha na nani." Alikuwa anajililia. Alikuwa anateremka kwenye tope akijililia, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza amepata habari. Kule vibandani kina mama walisikia kilio. Hawakujua nani amekufa, lakini kwao hakuna mtu anayeachwa alie peke yake, basi mmoja akapokea, na mwingine, mpaka bandari nzima ikawa inalia ndani ya mvua. Nakwambia nilisimama kwenye mlango wa gari nikiwa na mtoto mikononi. Nilimwona anafika kwenye maji. Mvua ikawa nene. Ilipopungua, pale palikuwa na maji tu.

Wale kina mama walipanda kutuuliza nani amefariki. Mama yangu alikuwa ameshuka, ameketi kwenye ngazi ya gari, miguu kwenye tope. Aliwajibu, "Mutoto yangu Zaina." Walimwangalia. Yule mnene mwenye kicheko alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama lile beseni la samaki lililobaki peke yake chini ya mvua, akamtazama mama, na nadhani alielewa, maana alikaa chini kabisa kwenye tope, akamshika mama mkono. Wengine wakakaa. Walikaa naye vile, wamelowa, mpaka mawingu yakafunguka upande wa magharibi na jua la jioni likatoka.

Hatukulala pale. Tulirudi mpaka Lubunga, tukakuta bac imeshalala ng'ambo, tukangoja ndani ya gari hadi asubuhi. Ndipo mume wangu akaniambia kwamba alimwona tangu mara ya kwanza alipoteremka, na kwamba Zaina alimuuliza, "Papa, unataka samaki gani?" Hakusema zaidi, na hajasema tena. Alifunika gari kwa turubai siku ile ile tuliyofika nyumbani. Watu wamekuja kutaka kulikodi kwa harusi. Anawaambia injini imekufa.

Mama yangu amepona. Sijui neno jingine. Haangalii tena barabara. Anakwenda sokoni, anagombana na wauza pondu, yale majani ya muhogo, analala usiku kucha. Aliwahi kuniambia kwamba kilichokuwa kinamsumbua ni kuhisi kuna mtu hajaambiwa, ila hakujua ni nani.

Mimi ndiye niliyebaki na langu. Asubuhi ile kwenye bac, jua linawaka juu ya maji, Riziki alinivuta nguo akasema, "Mama mukubwa, nasikia njaa." Mama mukubwa. Ndivyo mtoto anavyomwita dada mkubwa wa mama yake. Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Nyumbani kwetu wote waliambiwa waseme mama, na alikuwa anasema mama tangu alipojua kusema. Nilidhani amekosea. Nilimuuliza yule mama wa kwenye gari alimwambia nini sikioni, akasema tu, "Aliniambia wewe ni nani." Sasa amekuwa, anasoma, na tangu siku ile mpaka jana jioni hajaniita mama hata mara moja. Ananipenda. Anakuja kwangu akiumwa, ananisuka nywele. Lakini hilo neno alilipeleka mahali pake.

Basi wewe unayenisikiliza, ukisafiri kwenye zile bandari ndogo, uangalie unavyozungumza na wauzaji. Ukikuta uso unaoujua, wa mtu uliyekwisha kumzika, nunua samaki wako, shukuru, uondoke. Usiulize jina. Usiulize anamngoja nani. Ukiuliza, utalazimika kumwambia, na hakuna kazi nzito kama hiyo duniani. Lakini kama umeshauliza, umeshamwingiza ndani, umeshamlisha, na akanyoosha mikono akaomba kushika kilicho chake, usifanye kama mimi. Mpe ashike. Kaa karibu, soma aya zako, tetemeka, lakini mpe. Mimi nilikataa, na sasa sitajua kamwe kama angemrudisha.